Mkebe wa Ndoana

Babu yangu ni mvuvi wa mshipi kule Mtongwe, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kusi inapoanza kuvuma kwa nguvu mwezi wa Aprili, yeye huvua humu humu ndani ya mlango wa bahari kwa ndoana ndogo. Zile kubwa za nje ya mwamba huwekwa hadi maleleji ya Novemba.

Aprili ya mwaka wa 2023 kazi ya kuziweka alinipa mimi. "Zioshe kwa maji ya kisima, mjukuu wangu, uzianike, kisha uzipake mafuta. Wasikia?"

"Nasikia, Babu."

Kusema kweli, masikio yangu yalikuwa kiwanjani, ambako wenzangu walishaanza mpira. Nilizisuuza kwenye ndoo iliyokuwa na maji ya bahari, nikazikung'uta mara mbili, nikazitia mkebeni na kushindilia kifuniko. Nilijiona mjanja, eti hewa haitaingia. Kumbe maji nimeyafungia ndani!

Lo! Novemba nilipoufungua mkebe nilikuta donge jekundu. Babu hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alizibandua moja moja, nyingi zikamvunjikia vidoleni, akabaki na tatu zilizoonekana nzima. Akazinoa kwa tupa, tukatoka.

Jua lilipopanda, kolekole mkubwa alishika. Babu alimvuta polepole, akimlegezea na kumvuta tena, mpaka nikauona mgongo wake ukimeta majini. Mara mshipi ukalegea. Ndoana ilikuwa imekatika pale inapopindia. Babu akakitazama kile kipande, akasema, "Hiyo ndiyo iliyokuwa sare yako ya shule." Hatukuongea tena mpaka pwani.

Muhula uliofuata nilimuuliza mwalimu wa kemia. Kutu, alisema, haitaki makubwa: maji na oksijeni basi, na chumvi huichochea. Chumvi iliyobaki kwenye chuma huvuta unyevu hewani, kwa hiyo ndoana uliyodhani imekauka hulowa tena yenyewe, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi Mombasa. Isitoshe, kutu haigeuki gamba la kukinga chuma cha chini. Hubanduka, chuma kikabaki wazi, ikaanza upya. Hata ndoana iliyopakwa zinki, ukiinoa umeuondoa ule mpako nchani.

Nilipomweleza Babu alicheka. "Hayo yote si ndiyo niliyokwambia? Maji ya kisima, jua, mafuta!"

Basi Aprili ya 2024 nilizisuuza kwa maji baridi mara tatu, nikibadilisha maji kila mara. Nikazianika kutwa nzima juu ya bati, nikazifuta moja moja kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani ya Bibi (aliyeniuliza mara mbili chupa yake iko wapi), na zile ncha nikazirudia. Yenye doa sikuichanganya na nzima. Kitambaa chenyewe nikazifungia humo humo, na kila mwisho wa mwezi Babu alifungua mkebe akachungulia.

Novemba tuliufungua pamoja. Moja tu ilikuwa na doa. Babu akaitupa, akazihesabu zilizobaki: 34. Kisha akaniambia nikalete kasia.