Umbali wa Kusini

Kazi ya ukaguzi wa mazao ya biashara ilinizungusha karibu nchi nzima: pamba ya Shinyanga na Mwanza, kahawa ya Moshi na Bukoba, mkonge wa Tanga, korosho ya Lindi na Mtwara. Sasa nimestaafu, na kila nikizipanga kumbukumbu za mikoa hiyo narudi kwenye jambo lile lile. Kupangiwa Mtwara kulihesabiwa kama kutupwa, ilhali kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara hazifiki kilomita 600, na Mwanza ni zaidi ya 1,100. Msafiri wa Mwanza alikuwa na treni ya Reli ya Kati. Wa Mtwara, masika yakipamba moto, alikuwa na pantoni ya Ndundu, na Mto Rufiji ukifurika pantoni ilisimama, malori yakakwama kwenye tope ng'ambo zote mbili. Umbali huo haukuumbwa na Mungu. Uliwekwa na maamuzi ya watu.

Wapo wanaoulaumu mto: bonde la Rufiji ni pana, udongo wake mlaini, na fedha hazikuwepo. Ugumu huo ni wa kweli. Lakini kati ya 1970 na 1975 ilijengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ikakatiza Kilombero na kutoboa mahandaki zaidi ya 20. Ilistahili kujengwa, maana Zambia ilikuwa imebanwa na Rhodesia, na China ilikubali kutoa mkopo. Ninachosema ni kwamba palipokuwa na nia, mkopeshaji na wataalamu walipatikana. Daraja la Mkapa, la kuvuka Rufiji, lilifunguliwa 2003 tu, na hata hapo kipande cha barabara cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwa tope kwa miaka. Kusini kuliwahi kuwa hata na reli yake, ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga. Karanga ziliposhindwa reli ikakosa mzigo, na mapema miaka ya 1960 ikang'olewa.

Pingamizi zito zaidi ni la wachumi: barabara hufuata mzigo, na Kusini mzigo ulikuwa haba. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, sehemu kubwa kutoka Kusini. Huo si mzigo haba. Baadaye uzalishaji ulianguka vibaya, na sitaitwisha barabara lawama yote: Operesheni Vijiji iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, bei ikawa ndogo, ugonjwa wa ubwiri unga ukaunguza maua. Ila hata dawa ya ubwiri unga ina kalenda yake. Salfa hupulizwa maua yanapoanza, kuanzia Juni hivi, kwa hiyo ilibidi isafirishwe kabla, na ikitoka Dar es Salaam kwa lori ilikutana na matope ya Aprili na Mei. Na kwenye meza ya mkaguzi ucheleweshaji unaonekana kwa macho. Kata korosho iliyoanikwa ikakauka na kuondolewa mapema, kiini ni cheupe na kigumu; kata iliyolala ghalani ikinyonya unyevu wa mvua, kiini kina madoa, na mkulima analipwa bei ya daraja la chini kwa jasho lile lile.

Siku hizi naambiwa hayo ni ya kale, lami imefika. Imefika, nami nashukuru. Lakini Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zikatengana na Dar es Salaam. Njia ya nchi kavu iliyobaki ilikuwa kuzungukia Masasi na Songea. Mikoa inayotoa korosho na gesi haipaswi kutegemea uzi mmoja wa lami unaopita kwenye mabonde ya mafuriko. Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay imekaa kwenye mipango miaka mingi. Ipewe fedha sasa, kabla mafuriko mengine hayajapita Somanga.