Mweka Hazina wa Misuli

Ukiona picha ya fahali wa aina ya Belgian Blue, utadhani mtu ameichezea kwa kompyuta. Mapaja yamefura kama magunia ya viazi, ngozi imekazika, mgongo una mtaro katikati. Na hakuna dawa aliyodungwa. Ng'ombe hawa wa Ubelgiji huzaliwa na kasoro kwenye jeni moja tu, ile inayotengeneza protini inayoitwa miostatini. Kazi ya miostatini ni kuiambia misuli: imetosha.

Mimi nilimfikia huyo fahali nikitafuta pesa ya kodi. Naandika makala za oda, na mwaka jana mteja mmoja alitaka maneno 1,200 kuhusu poda ya watu wa jimu ambayo ati "inazima miostatini". Kunywa asubuhi na jioni, kifua kinajijenga. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na biolojia yangu iliishia Kidato cha Nne. Lakini bando lilikuwepo, basi nikasoma.

Mwaka 1997, Se-Jin Lee na Alexandra McPherron wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walizalisha panya wasio na jeni hiyo. Panya wakatoka na misuli mara mbili hadi tatu ya kawaida. Mwaka huo huo ikajulikana kwamba ng'ombe wa Ubelgiji wana kasoro kwenye jeni ile ile. Halafu 2004 madaktari wakaandika kuhusu mtoto wa Ujerumani aliyezaliwa na mapaja ya mwanariadha. Alipokuwa na miaka minne na nusu aliweza kushika vyuma viwili vya kilo tatu tatu, mikono ikiwa imenyooshwa pembeni. Wewe jaribu na mitungi ya maji uone.

Kinachonishangaza ni kwamba msuli wenyewe ndio unaotengeneza miostatini. Inatoka, inashika kipokezi kilicho juu ya seli za msuli, na ndani ya seli kazi ya kujenga protini mpya inapunguzwa kasi. Ujumbe ukizidi, protini za zamani nazo zinaanza kubomolewa.

Kwani mwili unajichukia? Hapana. Msuli ni kitu ghali, unakula hata ukiwa umelala. Miostatini naiona kama yule mama mweka hazina wa chama, daftari kabatini, ufunguo shingoni. Ukitaka pesa anakuuliza za nini. Ukibeba mizigo, ukipanda mlima, anafungua kidogo. Ukilala anafunga. Watu wa jimu wanamwona mchawi, lakini tazama pale alipofukuzwa: ndama wa Belgian Blue ni mnene hivi kwamba wengi hutolewa tumboni kwa upasuaji. Panya wasio na miostatini wana misuli mikubwa, lakini kano zao, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa, ni ndogo na zinakatika kwa urahisi. Chama bila mweka hazina tunajua huishia wapi.

Haya yote ningeyasoma kama vituko tu, lakini chumba cha pili mzee wangu alikuwa amelala. Miaka ishirini na mbili alibeba magunia Marikiti, mpaka siku lori liliporudi nyuma bila kuangalia. Mfupa wa paja ukavunjika. Wiki nane akalala wodini mguu ukivutwa kwa uzani wa kamba, na karo yangu ikaenda huko. Tulitegemea mguu ule ukonde. Ule mzima je? Mama ni fundi wa nguo, akaupima kwa utepe wake: ulikuwa umepungua sentimita sita. Mguu ambao haukuguswa na lori. Mama alikunja utepe akaenda kupika, hakusema kitu.

Kwa hivyo nilipofika kwenye dawa za kuizuia miostatini, sikuwa nasomea mteja tena. Pfizer walijaribu moja kwa wavulana wenye ugonjwa wa Duchenne, ule unaokula misuli tangu utotoni. Kipimo kikuu kilikuwa kitu cha nyumbani kabisa: mtoto anachukua muda gani kupanda vidato vinne vya ngazi. Dawa haikuwasaidia, na 2018 wakasimamisha. Kama hiyo ndiyo hali ya walio na maabara, poda ya mkebe itafanya nini? Nilimwandikia mteja kwamba sijaona ushahidi wowote. Kazi akampa mtu mwingine.

Somo nililolipenda zaidi lilitoka angani. Desemba 2019 Lee na wenzake walipeleka panya kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, wakakaa huko siku 33. Wale wa kawaida walikonda, maana huko mwili hauna uzito wa kubeba. Wale wasio na miostatini walibaki na misuli yao. Nilimsimulia mzee, nikamwambia kitanda chake ni kama chombo cha angani. Akauliza hao panya walilishwa nini. Swali zuri kuliko yangu yote.

Sasa anakula mayai na ndengu. Asubuhi anafanya lile zoezi alilofunzwa kliniki: unakaza paja bila kusogeza mguu, unahesabu hadi tano, unaachia. Halionekani kama zoezi. Ukisimama mlangoni utadhani mzee anawaza tu. Lakini msuli ukivutwa namna hiyo, hata bila kwenda popote, mweka hazina anapata sababu ya kufungua daftari.

Utepe ulisema nusu sentimita mwezi uliopita. Mzee anasema mama alipima juu ya suruali.