Nazi ya Ndege

Mjukuu hakuamini. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 2022 theluji ilishuka kusini-mashariki mwa Uingereza, na asubuhi yake kijana wa miaka tisa alisimama dirishani kwa bibi yake, Herne Bay, pwani ya Kent, akiambiwa kwamba zamani, siku kama hiyo, ndege walitoboa vifuniko vya chupa za maziwa mlangoni wakanywa malai. "Chupa gani, Bibi?" Maziwa anayoyajua yeye hutoka kwenye friji, ndani ya dumu la plastiki. Kisha akauliza la kumkera zaidi: hii theluji itayeyuka saa ngapi?

"Mume wangu," bibi akamjibu, "mwaka ule ilikuja Krismasi, ikaondoka Machi."

Bibi ni mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, mkunga mstaafu. Alifika Kent Septemba 1962 kusomea uuguzi, na sanduku lake halikuwa na nguo hata moja ya kumfaa. Baada ya hapo nyumbani yakatokea mapinduzi. Yatosha kusema kwamba masomo ya miaka mitatu yaligeuka maisha.

Yeye hushikilia kwamba theluji yake ya kwanza ilianguka usiku wenyewe wa Krismasi, akiwa zamu ya usiku wodini. Kumbukumbu za hali ya hewa zinasema ilitanda kusini mwa nchi tarehe 26. Basi na iwe 26. Habishani na karatasi. Kisichobishaniwa ni yaliyofuata. Januari 1963 ulikuwa mwezi wa baridi kuliko yote ya karne ya ishirini Uingereza. Upepo ulisukuma theluji ikafukia barabara na reli, mechi za kandanda ziliahirishwa wiki baada ya wiki, na hapo Herne Bay bahari iliganda karibu maili moja kutoka ufukweni. Msichana aliyezoea maji kupwa na kujaa alishuka hadi kwenye gati akakuta mawimbi yamesimama, meupe na yenye kingo kali. Hakupenda. Alirudi bwenini akaandika barua nyumbani, na baba yake alidhani anatia chumvi.

Kwa ndege ilikuwa balaa. Ndege mdogo wa gramu kumi hana akiba ya kumvusha zaidi ya usiku mmoja. Mchana wote wa majira ya baridi, mfupi kama ulivyo, hautoshi kutafuta cha kulala nacho. Ardhi ikishakuwa jiwe, minyoo haifikiki. Matawi yakivikwa barafu, wadudu hawafikiki. Wale wadogo wa rangi ya kahawia wenye mkia uliosimama wima, wanaotambaa chini ya vichaka kama panya, walipotea kwa zaidi ya robo tatu nchini kote. Asubuhi wauguzi walikuwa wakikuta maiti zao kwenye ngazi za bweni, nyepesi mno, miguu imekunjwa. Waliobaki walikuja dirishani wenyewe. Watu ambao hawakuwahi kuwatazama ndege walianza kuwatupia makombo, na magazeti yaliwahimiza.

Hapo ndipo chupa za maziwa zinapoingia. Muuza maziwa alipita alfajiri na kuziacha mlangoni, na baridi ile iliyagandisha maziwa yakapanda, yakakiinua kifuniko cha karatasi ya fedha juu ya shingo ya chupa, kikakaa hapo kama kofia ya kitunga. Ndege wa buluu na manjano, mdogo kuliko shomoro, alitua ukingoni, akakidonoa kifuniko mpaka kikachanika, akala malai yaliyoganda. Ujanja huo haukuanza mwaka ule. Ulionekana mara ya kwanza mwaka 1921 katika kitongoji cha Swaythling, karibu na Southampton, na mwaka 1949 wataalamu wawili, James Fisher na Robert Hinde, walichapisha ramani za jinsi ulivyosambaa nchini. Wenye nyumba walijihami kwa kuweka vikombe mlangoni ili muuza maziwa azifunike chupa. Wengine waliweka mawe.

Lakini mtu aliyemfundisha bibi bustani za Waingereza hakuwa mtaalamu. Alikuwa mzee mwenye duka la mbegu na vyakula vya mifugo, si mbali na kituo cha basi. Duka lilikuwa jembamba, refu, lenye giza, na harufu yake ilikupokea kabla hujaukamata mlango: pumba, mafuta ya taa, magunia, vumbi la mahindi, na juu ya vyote njugu. Ile harufu ya njugu ndiyo iliyomwingiza. Mzee alivaa koti refu la rangi ya udongo, penseli sikioni, akipima kwa ratili kwenye mizani ya shaba. Mizani ikisimama sawa, alichota kiganja kingine akakitia kwenye mfuko wa mteja bila kupima, huku akitazama pembeni kana kwamba mkono ule si wake.

Njugu zake hakuziamini mpaka azikague. Alizimwaga juu ya meza, akanusa, akapasua moja kwa kucha akatazama ndani. Yenye doa aliitupa motoni. Alikuwa na sababu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwenye mashamba ya Uingereza, na wachunguzi walipofuatilia chakula chao walifika kwenye mashudu ya njugu kutoka Brazil, yaliyoota ukungu wenye sumu ambayo haikuwa bado na jina. Leo mkulima wa Dodoma anaijua: ni sumukuvu. Mzee alikuwa na wateja waliopoteza bata zao, na hakutaka ndege wa mtu yeyote afe kwa njugu za dukani kwake.

Aliposikia mteja wake ametoka upande ule wa Afrika, alimtania: serikali yetu ilikwenda kulima njugu kwenu, mbona hazijafika? Alikusudia Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Attlee ilipeleka matrekta na wanajeshi wastaafu Tanganyika ili Waingereza wapate mafuta ya kupikia, na hadi mpango unaachwa mwaka 1951 zilikuwa zimeteketea pauni zipatazo milioni 36. Mzee alizihesabu kuwa pauni zake. Bibi alimweleza kwamba Kongwa ni Bara, ng'ambo ya bahari, na yeye kwao ni karafuu. Haikusaidia kitu, kila alipoingia aliulizwa habari za mavuno.

Siku aliponunua mafuta magumu ya kuwalisha ndege, aliuliza kama ni ya nguruwe. Yalikuwa ya nguruwe. Mzee hakucheka wala hakuuliza mengi; aliandika kitu kwenye daftari lake, na kuanzia hapo palikuwa na bunda dogo la mafuta ya ng'ombe chini ya kaunta, limefungwa kwenye karatasi ya peke yake.

Nazi ni kisa kingine. Kwa Waingereza wa wakati ule nazi ilikuwa zawadi ya mchezo: kwenye viwanja vya maonyesho zilipangwa juu ya vigingi, watu wakazirushia mipira, na aliyeangusha alikwenda nayo nyumbani asijue aifanye nini. Mwishowe aliikata kwa msumeno, akaining'iniza mtini wale ndege. Kwa mtu wa Unguja, nazi nzima, na tui lake lote, kupewa ndege ilikuwa karibu na kufuru. Bibi, alipokwisha kuolewa na kupata nyumba yenye kibustani, alitafuta njia ya kati. Aliipasua nazi, akaikuna kwenye mbuzi aliyoletewa na jamaa, akapata tui la wali, akaacha nyama nyembamba imeshika kwenye kifuu. Kifuu alikijaza mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na njugu zilizopondwa, akakitoboa, akakifunga kamba. Ndege wa buluu walijipachika humo kichwa chini miguu juu. Machicha mzee alimkataza: yakikauka, ndege akiyala, yanamvimbia tumboni.

Kila theluji ya kwanza ilikuwa na ada yake. Alidamka, akamwagia maji ya moto bakuli la bustani ili ndege wanywe, akafagia mraba mmoja wa nyasi, akaweka matofaa yaliyooza kwa wale wakubwa wenye kidari cha madoa waliokuja kwa makundi kutoka Norway na Sweden. Robini, yule mwenye kidari chekundu, hakungoja aondoke. Mbayuwayu ndio aliowakosa, na hata hao alijua walipo. Utotoni aliwaona wamejipanga kwenye nyaya za simu Unguja wakati wa kaskazi, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna nchi wanakotaga mayai ndani ya mabanda ya farasi.

Miaka ya sabini ilikwenda mbio. Hesabu ya shilingi zenye peni 12 iliachwa mwaka 1971. Dhoruba ya Januari 1978 ililikata gati la Herne Bay, na kichwa chake kimebaki peke yake baharini mpaka leo. Mwaka 1979 chama cha kulinda ndege, RSPB, kiliwaomba watoto, kupitia kipindi cha televisheni cha Blue Peter, wahesabu ndege wa bustani kwa saa moja. Wanawe bibi walihesabu. Kwezi waliongoza nchi nzima, wastani wa 15 kwa kila bustani. Siku hizi ni kama watatu.

Januari 1987 theluji iliifunga Kent kwa siku kadhaa, na bibi, mkunga wa vijijini wakati huo, alipelekwa kwa trekta kuzalisha. Huo ndio mwaka wa mwisho anaouita wa theluji. Desemba 2010 ulikuwa wa baridi kuliko Desemba yoyote kwa miaka 120. Yeye huupa nusu alama.

Mzee alifariki. Duka likawa la kukodisha video, kisha la simu, sasa la kupaka kucha.

Maziwa yalihamia madukani. Miaka ya sabini zaidi ya asilimia 90 ya maziwa yaliletwa mlangoni; leo ni asilimia chache tu, na mengi yametolewa malai, kwa hiyo hata ndege angeikuta chupa asingepata faida. Shomoro nao. Katika bustani za Kensington, London, Max Nicholson na ndugu yake waliwahesabu mwaka 1925 wakapata 2,603. Mwaka 1975 walikuwa 544, mwaka 1995 walikuwa 46, na mwaka 2000 walikuwa 8. Nafasi zao wamezichukua kasuku wa kijani, wajukuu wa waliotoroka vizimbani, wenye makelele ya sokoni, na wanaomaliza njugu zote bila haya. Bibi hawapendi, ila hukiri kwamba juu ya theluji wanapendeza.

Kinachomkasirisha hasa ni majirani. Wamesakafia bustani za mbele waegeshe magari. Mmoja ametandika nyasi za plastiki nyuma, kisha ametundika vyombo vinne vya mbegu za bei mbaya na kulalamika kwamba ndege hawaji. Na wanaokuja wana hatari nyingine. Tangu mwaka 2005 chiriku wa kijani, waliokuwa wa kawaida kabisa, wamekufa kwa ugonjwa wa koo unaoenezwa na mate kwenye chakula na maji. Wamepungua zaidi ya nusu. Anayemlisha ndege kwenye chombo kisichooshwa anamwua. Mwaka 2025 RSPB ilisimamisha kuuza meza bapa za kulishia ndege kwa sababu hiyo. Meza kama hiyo ndiyo iliyowavusha wa mwaka 1963, bibi alisema, kisha akaichukua yake akaipasua kuni. Vifuu huvichemsha kila wiki, na huhamisha kamba kila siku chache, kinyesi kisirundikane mahali pamoja.

Januari iliyofuata theluji ile ya 2022, mjukuu alikuja kuhesabu ndege wa bustani. Walibishana juu ya kanuni. Yeye aliona robini mara tano akaandika watano. Bibi alimwambia huandikwa walioonekana pamoja kwa wakati mmoja, basi ni mmoja. Kijana alitaka shakwe aliyepita juu ya paa. Bibi alikataa: huhesabiwa aliyetua. Kijana alinuna mpaka wali wa nazi ulipoiva.