Cherehani Tano, Ubao Mmoja

Mafundi nguo tunajulikana kwa neno moja: "Njoo kesho." Hapa Karatu halifai, dereva anayepandisha watalii Ngorongoro alfajiri hana kesho ya kutusubiri.

Tuko wanawake watano. Tulipotafuta utaratibu wa kugawana kazi, tulipima njia mbili wanazotumia watengenezaji wa programu za kompyuta. Ya kwanza ni Scrum: mnapanga kazi za kipindi kifupi, tuseme wiki mbili, mnazimaliza, kisha mnakaa kujitathmini. Ya pili ni Kanban, aliyoianzisha Taiichi Ohno katika viwanda vya Toyota, Japani: kila kazi inaonekana ubaoni, na hamwanzi mpya mpaka iliyopo isogee.

Scrum ingefaa sare za shule za Januari, kwa kuwa idadi hujulikana mapema. Lakini kazi zetu nyingi huingia bila hodi: zipu ya begi, pazia la hoteli, suruali ya kupunguza kiuno. Tukachagua Kanban. Ubaoni tumeandika kukata, kushona, vifungo, pasi. Kila fundi ana nguo mbili tu mkononi. Ya tatu ingoje. Kile kikao cha kila wiki mbili tumekiazima Scrum.

Mteja akiuliza lini, tunatazama ubao ndipo tunataja siku. Wapo wanaoondoka wakisikia Alhamisi. Waende kwa amani, kuliko tuwadanganye.

Dada mwenye biashara, kabla hujanunua cherehani nyingine, hesabu kwanza nguo zilizokwama nusu. Ahadi ni deni, nasi tutaulizwa.