Wosia Si Uchuro

Najua kichwa cha insha hii kitawashtua wengine. Mtoto wa kidato cha tatu ana nini cha kusema juu ya wosia? Si hayo ni mambo ya wazee na mawakili? Jibu langu ni kwamba mzee asipoandika wosia, anayeumia mara nyingi ni mtoto. Wahenga walisema, fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Wosia ni maagizo ya mtu juu ya mali yake atakapokuwa ameiaga dunia: nani apewe nini, nani asimamie ugavi, na watoto wadogo walelewe na nani.

Nitatoa mfano wa kwetu. Babu alifariki mwaka wa 2009. Aliacha shamba la ekari tatu, watoto watatu wa kiume na wawili wa kike. Maandishi hakuacha. Hadi leo hatimiliki ina jina lake. Baba mdogo anashikilia kwamba aliambiwa na babu sehemu ya kando ya mto, penye migomba, ni yake. Siku hiyo walikuwa wawili tu, na babu aliishi miaka minne baadaye. Baba mkubwa naye anasema kifungua mimba ndiye wa kuchagua kwanza. Shangazi zangu wanaambiwa eti wameolewa, watafute huko walikoolewa.

Mwaka jana baba alikwenda kuomba mkopo wa karo. Aliulizwa swali moja tu: "Hatimiliki iko kwa jina la nani?" Akarudi mikono mitupu, nami nikakaa nyumbani majuma matatu wenzangu wakisoma. Shamba tunalo, twalilima na twala humo, lakini mbele ya sheria mwenyewe ni marehemu.

Sheria yenyewe inasemaje? Sheria ya Urithi, Sura ya 160 ya Sheria za Kenya, ilianza kutumika mwaka wa 1981. Inamruhusu mtu mzima yeyote mwenye akili timamu kuandika wosia. Masharti si mengi. Atie sahihi mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao watie zao mbele yake. Afadhali shahidi asiwe mtu anayeachiwa kitu katika wosia huo, asije akakikosa. Si lazima kumwendea wakili, ingawa ushauri wake unafaa. Wosia wa mdomo pia unakubalika, ila lazima usikiwe na mashahidi wawili, na aliyeusema afariki kabla ya miezi mitatu kupita. Kwa hivyo yale maneno ya kando ya mto, hata yakiwa ya kweli, hayana nguvu kortini. Ndugu zetu Waislamu hufuata sheria ya dini yao: wosia hauzidi thuluthi moja ya mali, na inayobaki hugawiwa warithi kwa mafungu yaliyowekwa.

Pasipo wosia, sheria haimtupi mjane wala yatima, na haitofautishi mtoto wa kike na wa kiume. Lakini njia ni ndefu. Hutakiwa cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, tangazo katika Gazeti Rasmi, kisha warithi wakubaliane. Sisi tumekwama kwenye barua ya chifu, kwa sababu hawajapatana kama majina ya shangazi yatiwe au yaachwe. Hata mwenye wosia jamaa zake hupitia kortini, lakini hawaanzi kwa kuulizana marehemu alitaka nini.

Msidhani haya ni ya wanyonge tu. Mbiyu Koinange, aliyekuwa waziri katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta, alifariki mwaka wa 1981. Kesi za mali yake zilidumu zaidi ya miaka thelathini.

Kuna wanaosema kuandika wosia ni uchuro, ni kujiitia kifo. Jameni, anayebeba mwavuli ndiye huleta mvua? Wengine husema hawana mali. Mwenye ng'ombe mmoja, pikipiki au akiba katika chama ana mali, na ataona watakavyoigombania kama angeweza kuona. Wengine wanahofu watoto watachukiana mapema. Basi wosia na uwe siri, na mwenyewe anaweza kuubadilisha wakati wowote angali hai na timamu.

Najua kwetu mtoto hamwulizi mzazi habari za wosia. Ukithubutu utaambiwa unamwombea kifo, na chakula cha jioni utakikosa. Kwa hiyo siwaombi mseme neno. Nawaomba walimu wetu, ambao pia ni wazazi, waandike wao kwanza, kisha wazungumze na wazazi wetu siku ya mkutano wa shule. Nawe mwanafunzi mwenzangu, ukimaliza kusoma jarida hili, usilifungie sandukuni. Liache mezani, pale baba anapowekea miwani yake, ukurasa huu ukiwa wazi.