Jina Langu Lilikuwa Kwenye Kiambatisho

Nilikuwa na duka dogo la kupiga chapa na kutoa fotokopi mjini Lamu, mtaa wa Langoni. Watu waliniletea barua za kuomba kazi, vyeti vya kuzaliwa, hati za mashamba, mialiko ya harusi. Mwenye fotokopi huyajua mambo ya mji kuliko kadhi. Nami niliyajua, ila sikuona kuwa yananihusu.

Machi 2012, Rais Kibaki alipokuja kuzindua mradi wa bandari mpya pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, nilikuwa katika waliofurahi. Kwa wiki kadhaa vijana walipanga foleni dukani kwangu kuandikiwa maombi ya kazi. Wavuvi waliposema kuwa uchimbaji wa mkondo wa meli utaharibu mazalio ya samaki, niliwaona watu wa nongwa. Kisha ukaja mradi wa pili: mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, ujengwe Kwasasi, upande wa bara. Nikaona Mungu ametufungulia. Mwanangu wa kwanza alikuwa amemaliza sekondari na anashinda kwenye baraza za watu.

Naandika haya nikijua wapo wanaosoma walio pale nilipokuwa. Hawakuwa wajinga waliotaka makaa yale, wala mimi sikuwa mjinga. Njaa ya kazi ni ya kweli. Lakini nilikuwa na jambo jingine nililolificha chini ya hiyo njaa, nalo ni hofu. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, Juni 2014, tuliwekewa amri ya kutotoka usiku, na wavuvi wakakatazwa kuvua usiku. Aliyesema sana siku zile aliweza kuambiwa ni mfuasi wa Al-Shabaab. Basi nikajifunza kunyamaza, na ule unyamavu nikauita busara. Wenzangu walionyamaza kama mimi walinisifu.

Uliitishwa mkutano wa kuelezwa habari za mtambo. Nilienda. Tulionyeshwa picha, tukaambiwa kazi zitakuja, tukapewa soda na sambusa. Karatasi ya mahudhurio ikapitishwa, nikaandika jina, nambari ya simu, nikatia sahihi. Sikuuliza swali hata moja. Niliporudi nilimwambia mke wangu kuwa mambo ni mazuri.

Wakati huo wanaharakati wa Save Lamu walikuwa wakipita dukani mara kwa mara. Wengi niliwajua tangu madrasa: mvuvi, mwalimu, nahodha wa watalii, mama muuza mahamri. Walitaka nakala za barua za kupeleka kwa wakubwa. Niliwafanyia kazi yao kwa bei kamili. Kadi za harusi nilizipunguzia bei; barua za malalamiko sikupunguza hata ndururu. Wakitoka niliwaambia wateja wengine, kwa kicheko, kwamba hao wanasubiri dola za wazungu.

Septemba 2016 mtambo ulipewa leseni ya mazingira. Sheria inampa asiyeridhika siku 60 kukata rufaa mbele ya jopo la kitaifa la mazingira, na hizo siku hazimngojei mtu. Watu wa Save Lamu wakaja dukani mbiombio na ripoti ya athari kwa mazingira, mamia ya kurasa, Kiingereza kitupu, wakitaka nakala za sehemu kadhaa. Pamoja nao alikuja bibi mmoja mkulima wa simsim na mahindi kutoka upande wa Kwasasi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, buibui lake limejaa vumbi la njia ya mji wa Hindi, akanitazama nikigeuza karatasi. Akaniuliza, “Mwanangu, humo wamesema majivu yatawekwa wapi?”

Nilikuwa nimeshatoa nakala nyingi za ripoti ile bila kusoma mstari. Nikaona haya kumwambia sijui, na mimi ndiye msomi wa pale. Nikaanza kutafuta. Kila nilipofungua akauliza jingine. Maji ya moto yatakayorudi baharini yatatoka upande gani? Na moshi, pepo za kusi zikivuma utakwenda kwa nani? Nikafunua hadi viambatisho vya mwisho, na huko nikakutana na orodha ya waliohudhuria mikutano. Jina langu lilikuwemo. Mwandiko wangu, nambari yangu, sahihi yangu, karibu na majina ya watu ambao hata kusoma hawajui. Orodha hiyo ilikuwa ushahidi kwamba wananchi wameshirikishwa.

Bibi akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia hakuna kitu. Nikamaliza kazi, nikapokea pesa, nikafunga duka.

Ningependa kusema kuwa siku hiyo nilibadilika. Sivyo. Kilichofuata ni usingizi mbaya, na hasira kwa yule bibi kana kwamba yeye ndiye aliyeniandikia jina. Maswali yake yalikuwa mepesi, mtu yeyote mwenye shamba angeyauliza, nami niliketi mkutanoni saa nzima na soda mkononi bila kuliuliza hata moja. Swala ya alfajiri nilikuwa naisali na akili iko kwenye karatasi.

Nikachukua Katiba ya 2010, ambayo nilikuwa nikiuza nakala zake kwa wanafunzi, nikaisoma safari hii kwa ajili yangu. Ibara ya 42 inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Hiyo nilikuwa nikiisikia. Iliyonishika ni ya 70: anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuonyesha kuwa yeye mwenyewe amepata hasara. Miaka yote nilijiambia sina shamba Kwasasi, sina mtumbwi, sina la kusema. Kumbe sheria ya nchi yangu ilishaniondolea udhuru huo, nami nikawa bado ninautumia.

Nilikwenda kwenye mkutano wa Save Lamu na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njia nzima. Hayakuhitajika. Mmoja alisogea kwenye jamvi nikapata pa kukaa, mwingine akasema, “Alhamdulillahi, leo tuna mwandishi,” nikapewa daftari la kumbukumbu. Basi. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi, na bei zangu walikuwa wakizijua vizuri sana. Hadi leo sijui kwa nini walinipokea hivyo. Mimi ningekuwa wao nisingefanya.

Kazi yenyewe haina fahari. Sehemu kubwa ni kungoja watu waliochelewa, kutafuta pesa za mafuta ya boti, kugombana nani asafiri na nani abaki. Katika kila kijiji kuna atakayeuliza kwanza kama kuna nauli, na si vibaya kuuliza, kwa kuwa siku ya mkutano ni siku asiyokwenda shambani. Wenye mashamba Kwasasi walikuwa wakingoja fidia, na baadhi yao walituona maadui. Nilikaa nao kuwasomea ripoti kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kwa jioni moja wakati mwingine, na wapo waliosikiliza mpaka mwisho wakasema bado wanautaka mtambo. Hilo nalo niliandika daftarini. Tofauti ni kuwa hao walisema hivyo wakijua majivu yanakwenda wapi.

Hofu haikuniacha. Wenzangu waliitwa kuhojiwa, wengine walitishwa kwa simu. Desemba 2018 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu vitisho kwa watetezi wa mazingira wa Pwani ya Kenya, na tulipoisoma hatukukuta jambo geni. Kwangu walikuja watu wawili nisiowajua wakauliza ninamwandikia nani. Wateja wengine wakahama. Nikaacha mikutano, nikatoa kisingizio cha ugonjwa wa mama. Muda mrefu sikuonekana. Siku niliyorudi daftari lilikuwa palepale, na kumbukumbu za mikutano niliyokosa zimeandikwa na kijana mmoja kwa hati mbaya, ameacha nafasi nijaze.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wavuvi dhidi ya mradi wa bandari na kuamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wale niliowaita watu wa nongwa. Malipo yenyewe yalichelewa sana. Kisha tarehe 26 Juni 2019 jopo la mazingira likaifuta leseni ya mtambo wa makaa. Miongoni mwa sababu, lilisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ya mwanzo ilifanyika kabla ya uchunguzi kukamilika, na watu hawawezi kutoa maoni juu ya ripoti ambayo bado haijaandikwa. Wenzangu walishangilia barabarani. Mimi niliingia ndani ya duka nikalia, kwa kuwa mkutano wangu wa soda na sambusa ulikuwa mmojawapo, na sahihi yangu sasa haikuweza kutumika dhidi ya mtu.

Nilimtafuta yule bibi baadaye, nikamweleza kuwa siku ile nilimdanganya, kwamba nilichoona ni jina langu. Akacheka. Alisema anakumbuka tu kuwa nilimsomea na sikumfukuza.

Kampuni ilikata rufaa, na makaratasi mapya yakaja dukani. Fotokopi za kesi sitozi tena, na mke wangu amenikubalia kwa shingo upande. Mwanangu hakupata kazi ya umeme. Anaendesha bodaboda Mokowe, akirudi jioni tunabishana. Huniuliza, “Baba, mlishinda nini?” Humwambia bahari haikumwagiwa maji ya moto na shamba la yule bibi bado linalimwa. Hujibu kwamba hayo hayalipi kodi ya nyumba, nami sina jibu la hilo. Wiki iliyopita alinijia na karatasi, notisi ya kuhamishwa kwa stendi yao ya bodaboda. Anataka kujua wana siku ngapi za kupinga. Tunaisoma pamoja.