Jioni ya Mabao Sita Nakivale

Miaka yangu ya mwanzo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mpira tuliutazama kwenye vibanda vya video vya Base Camp: kuta za mbao, paa la mabati, mabenchi yasiyo na migongo, na jenereta ikinguruma nyuma. Asubuhi mwenye kibanda aliandika mechi za siku kwa chaki ubaoni. Jioni kila mwenye vijishilingi vyake akaingia. Siku nyingi ilikuwa Arsenal, Chelsea, Manchester United au Barcelona. Timu hizo zilipendeka kirahisi kwa sababu hazikugusa kidonda cha mtu. Msomali, Mrundi, Mnyarwanda, Muethiopia na Mkongo walibanana benchi moja wakibishana juu ya Wenger wa Arsenal, na hakuna aliyemwuliza jirani yake amekimbia nini.

Timu ya taifa ilikuwa habari nyingine. Sisi tuliotoka Kivu, mashariki mwa Kongo, tulifika Uganda na hesabu zetu za nyumbani. Makazi haya yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kupokea Wanyarwanda, na kila vita vya Maziwa Makuu vimeyaongezea watu. Kwa hiyo watu ambao ndugu zao walipigana huko milimani na bondeni walijikuta wakichota maji kwenye bomba moja. Mtu alijua nani wa kumsalimu na nani wa kumpita kimya. Mimi pia nilijua.

Mapenzi yangu kwa timu ya Kongo yalianzia redioni, kwetu Uvira, Februari 1998. Tulikuwa tukigombea nafasi ya tatu ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya wenyeji, Burkina Faso. Tulikuwa nyuma 4-1, dakika zikiwa zimebaki chache mno, tukarudisha yote matatu na kushinda kwa penalti. Wakubwa walioizunguka redio ile walipiga kelele mpaka ng'ambo ya barabara watu wakatoka nje. Agosti mwaka huohuo vita vikaanza tena, na wengi wa waliokuwa pale sikuwaona tena. Tangu hapo, timu hiyo kwangu ilikuwa kitu cha kutunza peke yangu.

Mwaka 2015 kombe hilo lilichezwa Equatorial Guinea. Chui wetu, yaani timu ya Kongo, walitoka sare mechi zote tatu za kundi: 1-1 na Zambia, 0-0 na Cape Verde, 1-1 na Tunisia. Tulivuka kwa kuwa tulifunga mabao mawili na Cape Verde moja tu. Robo fainali, Jumamosi ya tarehe 31 Januari mjini Bata, tukapangiwa majirani zetu wa ng'ambo ya mto, Kongo-Brazzaville. Kocha wao alikuwa Claude Le Roy, Mfaransa aliyewahi kuifundisha timu yetu.

Jioni ile kibanda kilijaa kuliko siku ya fainali za Ulaya. Wazee ambao hawakuwahi kutia mguu pale walikuja na viti vyao. Kipindi cha kwanza hakuna bao. Dakika ya 55 Férébory Doré akatufunga. Dakika ya 62 Thievy Bifouma akaongeza la pili, na watu wa mabenchi ya nyuma wakaanza kuondoka. Timu iliyofunga mabao mawili katika dakika 270 itapata wapi mawili mengine kabla ya filimbi ya mwisho?

Dakika tatu baadaye Dieumerci Mbokani akapata moja. Waliokuwa mlangoni wakasimama palepale, hawatoki wala hawarudi. Dakika ya 75 Jeremy Bokila akasawazisha, na kibanda kikatetemeka kweli, mbao zikalia. Warundi waliokuwa wakitucheka sasa walikuwa wakiimba pamoja nasi. Dakika ya 81 Joël Kimwaki, beki wa TP Mazembe, akafunga la tatu. Mzee mmoja ambaye sikuzote nilimpita njiani bila salamu, na yeye akanipita, alinishika mabega kwa mikono miwili. Hatukusema neno. Mbokani alipopiga la nne dakika za nyongeza, yule mzee alikuwa analia, na mimi nalia. Mabao manne ndani ya dakika ishirini na sita.

Kesho yake watoto wa kijiji cha New Congo walikuwa wakirukaruka vumbini kwa makalio, wakimwiga kipa wetu Kidiaba na ile staili aliyoionyesha dunia 2010, Mazembe ilipofika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia. Nusu fainali tulifungwa 3-1 na Ivory Coast, kisha tukachukua nafasi ya tatu. Lakini mimi na yule mzee tukaanza kusalimiana. Baadaye tukatembeleana. Vita vya nyumbani havikuisha kwa sababu ya mpira, na baina yetu kuna mambo ambayo hatujayazungumza. Ila wake zetu sasa huazimana sufuria, na kwa watu wa kwetu hilo si dogo.

Mwaka 2019 mwanangu wa kwanza alikuwa amekwenda Mbarara kujifunza ufundi wa magari. Tarehe 22 Juni, Kongo ilikutana na Uganda jijini Cairo, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Nilipanda gari mpaka mjini tutazame pamoja, nikamkuta amevaa jezi ya njano ya Cranes, timu ya Uganda.

"Papa, leo niko na Uganda," aliniambia kwa heshima, macho chini.

Patrick Kaddu alifunga, Emmanuel Okwi akafunga, Uganda ikashinda mechi ya kwanza katika fainali hizo tangu 1978. Mbarara nzima ilipiga honi. Iliniuma, kisha nikamtazama anavyofurahi. Alizaliwa Nakivale, akasoma Nakivale, na mkono wake umefunzwa kazi na watu wa Mbarara. Kuwashangilia ilikuwa haki yake.

Februari 2024 alikuja nyumbani kutazama nusu fainali yetu ya kombe hilo na Ivory Coast, safari hii kwenye simu yake, sisi sote tumeizunguka. Kocha wetu alikuwa Sébastien Desabre, yuleyule aliyeiongoza Uganda kutufunga Cairo. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani mithili ya bunduki, dunia ione mauaji ya mashariki mwa Kongo. Tulifungwa 1-0. Kijana hakuuliza habari za bao. Aliuliza kwa nini wamefunika midomo, na nani anauawa, na sisi tulitoka vipi. Nilimsimulia Uvira yote, na usiku huo aliniomba jezi ya Kongo.

Sasa ana jezi mbili, ya Kongo na ya Uganda, na huvaa zote. Septemba 2023 Uganda, Kenya na Tanzania zilipewa uenyeji wa kombe la 2027. Ombi langu ni kwamba Kongo ifuzu, ipangwe pamoja na Uganda, na mechi ichezwe mahali ambapo basi la Mbarara linafika. Nitakata tiketi tatu: yangu, ya mwanangu, na ya yule mzee.